Helmeti Isiyo na Mkwaruzo

Shemeji alipotia mguu katika maabara ya kupimia helmeti, mpimaji alijua siku imeharibika. Mdogo huyo wa mumewe alikuwa ameanza kutengeneza helmeti za baiskeli, na kwa mdomo wake alikuwa ameshaziuza dunia nzima. Mume naye, kwa kumdekeza mdogo wake, alikuwa ameapa kuvaa moja kwenye mashindano ya kesho.

Mpimaji alimvalisha helmeti Kipara, kichwa cha chuma chenye kipimo ndani yake, akampandisha juu ya mnara wa mashine, akamwachia aanguke. Paa! Shemeji aliiokota helmeti, akaigeuzageuza, meno yote nje.

"Shemeji, ona! Haina hata mkwaruzo!"

"Hilo ndilo linaloniudhi."

Akamwonyesha kwenye kompyuta jinsi kishindo alichokipata Kipara kilivyouruka mstari mwekundu wa hatari na kwenda zake. Helmeti nzuri hubonyea, ikabeba kishindo yenyewe. Hii sponji yake ilikuwa ngumu kama kigogo. Ilijitunza, kichwa kikaachiwa mzigo wote. Uchoyo mtupu.

"Mashine yenu ina wivu," Shemeji akasema. "Kaka ana kichwa kigumu. Ataivaa tu."

Hasira zilimpanda mpimaji, maana kichwa hicho alikipenda, pamoja na ukaidi wake wote. Lakini kugombana na ndugu wa mume ni kujitafutia kikao cha ukoo. Akazunguka nyuma ya mashine kidogo, akarudi anatabasamu.

"Basi mashine tuiache. Tumpime mtu."

Akatoa helmeti mpya sandukuni, akamvika Shemeji, akamfunga mkanda kidevuni taratibu kama anayemwandaa bwana harusi. Akamsimamisha chini ya mnara, kisha akampandisha Kipara hadi nusu.

"Tulia hapohapo. Namwachia."

Shemeji akatazama juu. Kipara akamtazama chini. Kidole cha mpimaji kikasogelea kitufe.

"Ngoja! Ngoja, shemeji! Usifanye mchezo na kichwa cha mtu!"

"Cha nani?"

Shemeji akafungua mkanda, akatoa simu.

"Kaka," akasema, na majigambo yote yalikuwa yamemtoka, "ile helmeti yangu usiivae. Vaa ile yako ya zamani. Ndiyo, hiyohiyo mbaya ya kijani. Nakuomba, kaka."

Mpimaji akainama nyuma ya mashine kuuchomeka tena waya wa kitufe aliokuwa ameuchomoa, na akakaa hukohuko mpaka machozi yalipomkauka.