Mstari wa Philipo

Ukitaka kuwajua Wakenya wa Doha kwa kelele, usiwaulize siasa za nyumbani. Hizo wamezichoka. Waulize nani akae golini Ijumaa, Owen ama Philipo, kisha ushike kikombe chako vizuri kisije kikamwagika.

Alhamisi ile swali lilikuwa limeshika moto kule Najma, kwenye mkahawa mdogo wa Wahindi ambapo timu ya Wakenya na mashabiki wake hukutana. Hata mwenye mkahawa, asiyejua Kiswahili cha kuombea maji, alikuwa ameshayajua majina yote mawili. Nyanchama alikuwa amekaa pembeni na chai yake ya karak, anaumenya ukingo wa kikombe cha karatasi kidogo kidogo. Ametoka zamu hospitalini, miguu inamwaka, na angeweza kwenda zake Al Wukair akalala. Lakini angeendaje? Owen anayesemwa ni mume wake.

"Mimi sina ubaya na Owen," akasema Githinji. Huyu Githinji kazi yake ni kompyuta, na mdomo wake Mungu alisahau kuutia breki. "Lakini wasee, tusidanganyane. Kila krosi bao. Kila kona bao. Mtu tunamwita Ukuta, na ukuta wenyewe unapitisha mpaka upepo!"

"Ni wali wa Waarabu," akadakia Kawira, msichana wa hoteli. "Amekula machboos mpaka hawezi kuruka. Angalia Philipo alivyo mwembamba, aki."

Watu wakacheka. Kisha mmoja akakumbuka nani amekaa pembeni, akakohoa. "Pole, shemeji. Hatukusemi wewe."

"Semeni tu," akajibu Nyanchama. "Mpira ni wa wote."

Alisema akitabasamu, lakini moyoni alikuwa anawatukana mmoja mmoja, tena kwa Kikisii, ambacho kwa matusi hakina mpinzani.

Na tuseme ukweli hapa, Philipo anapendeka. Ni kijana mlinzi wa jengo refu kule Lusail, heshima kwake si ya kuigiza, na akidaka mpira hucheza miguu kidogo mpaka akina mama wanapiga vigelegele. Mechi iliyopita Owen alitolewa wakati wa mapumziko, kijana akaingia, akapangua penalti. Tangu siku hiyo hakuna aliyepata usingizi. Kila mtu anataka Philipo, na nusu fainali ni kesho, dhidi ya Waganda.

"Mgema akisifiwa tembo hulitia maji," akaonya Nahashon, mlinzi wa majengo mwenye umri mkubwa kuliko wote pale. "Mchezo mmoja tu mmeshamvika taji. Timu hii aliianzisha nani? Si ni Owen? Tulikuwa tunacheza kwenye changarawe, magoti yanatoka damu, yeye ndiye alizunguka kututafutia uwanja. Leo mmeota meno mnamng'ata yeye?"

"Mzee, hatuchezi na historia. Tunacheza na Waganda," akasema Githinji.

Basi hapo pakawa hapakaliki. Huyu anasimama, yule anakaa, mwingine anapiga meza, chai zinamwagika. Douglas, kocha, ambaye muda wote alikuwa ameegemeza kichwa mikononi, akainuka ghafla.

"Khalas!" akafoka. "Nimechoka! Nikimpanga Owen mnanizomea. Nikimpanga Philipo, wazee hawanisalimii kanisani. Sasa kesho kabla ya mechi kila mtu ataongea kwa miguu yake. Owen asimame hapa, Philipo pale, na nyinyi mpange foleni nyuma ya mnayemtaka. Mlolongo!"

Mkahawa ukalipuka kwa vicheko na makofi. Mlolongo! Mkenya gani hajasikia habari za uchaguzi ule wa kupanga mistari mchana kweupe, kila mtu anaonekana alipo?

"Na atashinda nani, kocha?" akauliza Nahashon. "Mwenye mstari mrefu ama mfupi? Maana mwaka ule wa themanini na nane nilisimama kwenye mstari uliofika sokoni, na mgombea wetu akatangazwa ameshindwa!"

"Mrefu, mzee. Wachezaji watasimama, mashabiki watasimama, wake zao watasimama. Hakuna kukaa kando."

Kikombe cha Nyanchama kikachanika, chai ikamlowesha mapaja.

Kuna jambo alilijua ambalo Githinji na kelele zake zote hakulijua. Owen hakuwa mzito. Hakuwa mzee. Hakurogwa na Waganda, kama walivyodai wengine. Miezi michache nyuma goti la mshambuliaji lilimpata usoni wakati wa kona, nyusi ikapasuka, na Nyanchama mwenyewe ndiye aliyeikandamiza kwa kitambaa mpaka wakafika kushonwa. Jeraha likapona vizuri. Kisha ikaja mechi ya Watanzania, Nyanchama akaenda kusimama nyuma ya goli ili amshangilie kwa karibu. Kona ikapigwa. Mpira ukaja juu, na Owen akarusha mikono, lakini uso akaugeuzia kando na macho akayafumba. Alikuwa anadaka gizani. Kila mpira wa juu ulipokuja, vilevile.

Nyanchama aliliona hilo, akanyamaza. Si kwamba alikosa huruma. Owen huendesha basi la kampuni wiki nzima, "dreva njoo, dreva ngoja, dreva geuza," hata jina lake wenye kampuni hawalijui. Ijumaa peke yake ndiyo siku anayoitwa Ukuta na kushikwa mkono na watu wazima. Amwambie vipi mtu wa namna hiyo kwamba anaogopa mpira?

Owen alikuja kumchukua na gari lao kuukuu. Hakushuka, siku hizi hashuki pale mkahawani.

"Wamesemaje?" akauliza walipokuwa wameshaiacha Najma nyuma.

Akamweleza habari za mlolongo. Owen akacheka kwa pua, akabadilisha njia bila kuwasha taa ya ishara, kitu ambacho hafanyi kamwe.

"Na wewe, Mama Ann? Ungekuwa Douglas, ungempanga nani?"

Si mara ya kwanza kumuuliza. Alishamuuliza akiwa anapiga pasi, akaambiwa apige pasi aache maneno. Alishamuuliza wakila, akaambiwa ugali unapoa.

"Mimi ni nesi, Baba Ann. Si kocha."

"Hujajibu."

"Angalia barabara."

Akaiangalia barabara mpaka Al Wukair. Nyanchama alikuwa anakunja na kukunjua mkanda wa begi lake. Maneno alikuwa nayo mdomoni, mafupi kabisa, unageuza uso, hayo tu. Lakini yalikataa kutoka.

Ijumaa walienda kanisani mapema, maana Doha hata Wakristo husali siku hiyo ya mapumziko, wakarudi, na hakuna aliyeweza kukaa. Owen aliziosha glavu zilizokuwa safi, akazianika, akaenda kuzigusa kama zimekauka, akarudi, akaenda tena. Nyanchama alifagia chumba kilichofagiwa. Mwishowe akajitia moyo.

"Baba Ann. Mpira wa juu..."

Owen akageuka haraka mno. "Mpira wa juu una nini?"

Alikuwa amemkazia macho, na laiti Nyanchama angeyatazama vizuri macho yale angeona kwamba hayakuwa na hasira hata kidogo.

"Leo kutakuwa na upepo," akasema.

Upepo! Mwanamke anayemchoma jitu zima sindano bila kupepesa jicho, anayewaambia watu habari nzito kila siku ya Mungu, kwa mumewe akaishia kutabiri hali ya hewa. Owen akasema sawa, akachukua glavu zake, akatoka kwenda kuwasha gari.

Uwanjani watu walikuwa wamejaa kuliko siku zote. Habari za mlolongo zilikuwa zimesambaa, na hata ambao hawajui kona ni nini walikuja kuona nani ataanguka. Waganda walikuwa upande wa pili wakipasha misuli, wakicheka: hawa Wakenya hata golikipa wanampigia kura!

Douglas akamsimamisha Owen upande huu, Philipo upande ule, katikati pameachwa nafasi. Philipo alikuwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyeletwa mahakamani. Owen alikuwa amesimama wima, glavu mkononi, anatabasamu tabasamu la picha ya pasipoti.

"Yalla! Twende!" akapiga kelele Douglas.

Nyuma ya Philipo watu walimiminika. Githinji mbele kabisa, Kawira akimfuata huku anapiga vigelegele, kisha wachezaji wenyewe, mabeki waliocheza na Owen tangu enzi za changarawe, mmoja baada ya mwingine, wakipita mbele yake na macho chini. Nyuma ya Owen alisimama Nahashon na wazee wenzake wachache. Hakukuwa na haja ya kuhesabu. Mtoto mdogo angejua nani ameshinda.

Aliyebaki katikati alikuwa Nyanchama.

"Shemeji, nenda kwa mzee wako tumalize," akasema Githinji, tena kwa upole. "Mambo yameshaisha, hata usijali."

Na kweli yalikuwa yameisha. Angeenda kwa mumewe, angeshindwa pamoja naye kwa heshima, watu wangempigia makofi, na jioni wangepika kitu kizuri. Nani angemlaumu? Akapiga hatua kumwelekea Owen. Akamwona anavyoshusha mabega, anavyopumua. Akapiga hatua nyingine.

Wakati huohuo Mganda mmoja akapiga mpira wa mazoezi ukamponyoka, ukapaa juu, ukaja upande wao. Wala haukuwa wa kumgonga mtu. Watu waliutazama tu ukipita. Owen peke yake ndiye aliyegeuza uso na kufumba macho, kichwa chote kando, mikono mbele kama anayezuia kofi.

Alipoyafumbua, yakagongana na ya mke wake.

Nyanchama akasimama. Akawaza wale washambuliaji wa Waganda, mapande ya watu, na kona zitakazopigwa mpaka mwisho wa mechi. Na kama si leo, Ijumaa nyingine, na huyu ataziendea macho yamefumbwa, kwa sababu wote wanaompenda wamemwambia ni upepo. Kisha akageuka, akauvuka uwanja, akaenda kusimama mwisho wa mstari wa Philipo.

Weee! Kelele zilizopigwa hapo zilifika hata kwa Waganda, wakaacha mazoezi yao. "Kikulacho ki nguoni mwako!" akapayuka mmoja. Mwingine akapiga mluzi. Githinji, na hii iandikwe, Githinji alikosa neno la kusema. Philipo akaacha nafasi yake akaja mbio mpaka mwisho wa mstari.

"Dada, tafadhali, rudi," akamwambia. "Mimi sikutaka hivi. Rudi kwa bro."

"Nenda ukasimame mahali pako, Philipo," akasema Nyanchama. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Na kona zikipigwa, toka uzifuate. Usingoje langoni."

Owen alikuwa bado amesimama palepale. Wazee nyuma yake walikuwa wanaangalia viatu vyao. Kisha akageuka, akampa Nahashon mkono, akawapa na wenzake wote, akauvuka uwanja polepole. Nyanchama aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Alidhani anapita kwenda kwenye gari, na alikuwa tayari kumfuata mbio, hata kupiga magoti.

Owen hakupita. Alikuja akasimama nyuma yake, mwisho kabisa wa mstari wa Philipo, karibu hivi kwamba alimsikia akipumua.

Mashabiki wakaanza kupiga makofi, wanaume wengine wakipangusa macho, wakisema huyo ndiye nahodha, huyo ndiye mtu. Walidhani wameona mtu akikubali kushindwa.

"Umeliona," Owen akanong'ona.

"Nimeliona." Hakuthubutu kugeuka.

"Tangu lini?"

"Tangu mechi ya Watanzania."

Mbele yao Douglas alikuwa anajifanya anahesabu watu.

"Nimekuuliza mara ngapi, Mama Ann?"

Nyanchama akaukunja mkanda wa begi lake.

"Hawa wamenisema mpaka wakachoka. Mimi mzito, mimi mzee, mimi nimekula wali. Hakuna aliyepatia hata mmoja. Usiku naamka natafuta mtu wa kumwambia naogopa, na wewe uko hapo kando unajua."

"Nilidhani nikikuambia utaumia."

"Nilikuwa naumia," akasema Owen. "Kila Ijumaa. Na wewe ukipiga makofi."

Refa akapiga filimbi kuita timu zote mbili. Mstari ukavunjika, watu wakatawanyika kutafuta pa kukaa, nao wawili wakabaki wamesimama vilevile, mmoja nyuma ya mwingine, bila mstari.