Stroberi za Shamba Lililougua

Mwaka baba alipokubali kuliacha shamba letu liugue, majirani waliacha kumsalimia kanisani.

Baba yangu, Eleuterio Barajas, alivuka mpaka kutoka Michoacán akiwa kijana, akaja bonde la Pajaro kuchuma stroberi za watu. Aliinamia matuta ya wengine hadi mgongo ukapinda, ndipo akapata kipande chake. Siku hizo kabla ya kupanda, ardhi ilifunikwa nailoni na kupigwa gesi iliyoua kila kitu mchangani. Gesi hiyo ikaja kupigwa marufuku, na ukungu uliokuwa umelala ardhini ukaamka. Unaingia kwa mizizi, kimyakimya. Mche unapendeza mpaka matunda yaanze kuiva, kisha majani yanalala chini, na kwisha habari yake.

Shamba la chini ndilo liliumia kuliko yote. Baba alikuwa tayari kulifukiza dawa mpya alipokuja Daktari Naomi Kitahara, mtaalamu wa kuzalisha aina mpya za stroberi. Babu yake alilima stroberi bonde hilihili, kwa hiyo mama alimkaribisha jikoni, hakumwacha mlangoni.

"Don Eleuterio," alisema kwa heshima, "naomba usilitibu. Niachie ugonjwa wako."

Baba akacheka. "Mwanangu, watu huja kuniomba stroberi. Wewe waomba maradhi?"

"Nina miche mingi, kila mmoja na damu yake. Nikiipanda kwenye udongo safi, yote itaniambia ni mizima. Nataka udongo usiodanganya."

Mama aliweka sahani ya tamale, unga wa mahindi uliofungwa kwa maganda yake, mezani. "Na itakayokufa?"

"Karibu yote itakufa, mama."

Baba akakubali. Hakutueleza kwa nini. Nadhani alikuwa amechoka kushindana na kitu asichokiona.

Ndipo maneno yakaanza. Don Chava, ambaye shamba lake limepakana na letu, alimsimamisha baba nje ya kanisa mbele ya watu, akamwita kwa jina lake la utani.

"Tello, nasikia siku hizi unafuga ugonjwa. Maziwa yake utaanza kuuza lini?"

"Njoo na ndoo, nitakugawia bure," baba akamjibu.

Alicheka, lakini yalimchoma. Tangu siku hiyo alisugua buti zake kwa brashi na dawa kila alipotoka shamba la chini, tena pale barabarani ambapo don Chava angemwona. Trekta ya pale haikuvuka kwenda kwingine.

Katika miche yote ile, mmoja daktari aliupenda waziwazi. Mwalimu wake, ambaye sasa ni marehemu, ndiye aliyeuchavusha kwa mkono wake, naye daktari akaulea, akikata vikonyo vyake vinavyotambaa na kuviotesha mwaka hadi mwaka. Kwenye vyungu ulikuwa umestahimili ukungu. Tunda lake! Harufu iliingia nyumbani kabla ya sahani. Tuliuita Bibi Harusi, naye daktari akaupa tuta zima.

Julai, matunda yalipoanza kuwa mekundu, tuta la Bibi Harusi likalala.

Nilikuwepo. Daktari alipiga magoti, akainua jani moja, likaanguka tena.

"Labda ni maji," alisema. "Labda bomba limeziba."

Baba alijua si maji. Hata hivyo alilifuata bomba lote pamoja naye, akipapasa kila tundu, maji yakimlowesha vidole. Walifika mwisho wa bomba. Alimpa kisu chake.

Daktari aling'oa mche, akapasua shina. Ndani palikuwa kahawia kama gome la mdalasini. Akapasua mwingine, na mwingine.

"Inatosha, mwanangu," baba alisema. "Simama."

"Mwalimu alikufa akiamini ni huu."

"Basi heri hakuyaona haya. Simama, magoti yako yamelowa."

Kwenye tuta lililofuata miche ilikuwa imesimama wima, majani magumu ya kijani, kana kwamba udongo ule haukuihusu. Matunda yake yalikuwa madogo, yamepauka. Mama alionja moja, akakunja uso.

"Hili ni tango limevaa gauni jekundu."

Daktari alicheka huku anafuta machozi. Kisha akatueleza: hilo tango litakuwa mama, na chavua itatoka kwa Bibi Harusi wachache waliobaki nyumba ya vioo. Watoto wao watapandwa hapahapa, wafe wanaokufa. Watakaobaki watachavushwa tena.

"Miaka mingapi?" baba akauliza.

"Saba. Minane. Huenda zaidi."

Baba alikuwa amepita sabini. Alitazama shamba, akatazama mikono yake. "Basi usichelewe," akasema.

Aliwaona watoto wa kwanza wa ndoa ile wakifa karibu wote. Moyo wake ulisimama majira ya baridi, mvua ikinyesha, miche mingine ikingoja kupandwa. Mazishini don Chava alibeba jeneza begani, upande wa mbele. Baada ya kuzika alinikamata mkono, akasema kwa sauti ya chini kwamba matuta yake mawili nayo yameanza kulala. Sikuthubutu kumuuliza kama ukungu ulitoka kwetu. Mimi mwenyewe sijui.

Mnunuzi alikuja kwa ajili ya shamba la chini. Mama alimkatalia pale mlangoni, tukapanda, yeye, mimi na daktari, katika tope.

Zilipita Julai kadhaa kabla ya sehemu ya kati ya shamba kubaki imesimama. Si yote. Matunda yake si ya ajabu, lakini ni matamu. Don Chava alikuja akiwa ameshika kofia mkononi.

"Daktari, nipe hata vikonyo vichache."

"Bado, don Chava. Lazima niipande miche hii mahali pengine pagonjwa kwanza."

"Nami nina mahali pagonjwa," alisema.

Daktari alimtazama, kisha akanitazama mimi. Mwezi Novemba tulipeleka miche ya kwanza kwake. Alitungoja ukingoni mwa shamba lake akiwa na jembe, na matuta yalikuwa tayari.