Nukta Niliyoifuta

Siku niliyoanza kazi ya utafiti hospitalini, mwandishi wa programu tuliyemwita Fundi ndiye aliyenipa kiti, na kiti chenyewe kilikuwa na miguu mitatu na nusu. Ile nusu alikuwa ameifunga kwa waya wa kompyuta. "Kaa tu," akaniambia, "ila usicheke sana." Nikacheka, nikaanguka. Tukawa marafiki tangu hapo.

Tulikuwa wawili katika chumba cha chini, kando ya stoo ya dawa, meza zetu zimeegemeana. Mimi nilitoka maabara na koti linalonuka fomalini, dawa ya kugandishia seli. Yeye alikuwa na chupa yake ya chai na redio aliyoifungulia kwa sauti ya chini mno, sidhani kama hata yeye aliisikia.

Kazi yetu ilikuwa hii. Uzi wa vinasaba ndani ya seli moja una urefu wa mita mbili hivi, nao umekunjwa ndani ya kiini kisichoonekana kwa macho. Tulitaka kujua umekunjwaje. Mimi niligandisha seli kwa dawa, nikaukata uzi, nikaunganisha sehemu zilizokuwa zimekaribiana, kisha mashine ikasoma vipande vyake. Hapo ndipo ilipoingia programu ya Fundi, aliyoiandika mwenyewe. Ilipanga mamilioni ya vipande, ikahesabu nani alikuwa jirani ya nani, ikachora ramani: mraba mweupe, mstari mwekundu ukiukata kutoka kona hadi kona. Kila nukta nyekundu ilimaanisha sehemu mbili zilikuwa zimekutana.

"Ni kama kujua nani anamtembelea nani mtaani," alipenda kusema, "na hujawahi kuona nyumba hata moja."

Mwaka wa tatu tulipata damu ya mama mmoja mshona nguo, aliyekuwa amelazwa kwa saratani ya damu. Nilipokwenda wodini kumwomba ruhusa, alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo mnataka kuona nimekunjwaje?"

"Ndiyo mama, hivyo hivyo."

"Haya. Mkikuta sijapigwa pasi, mniambie."

Ramani yake ilitoka na nukta moja kali, mbali kabisa na mstari, mahali ambapo kromosomu mbili tofauti, yaani vipande viwili vinavyojitegemea vya uzi huo, hazikuwa na sababu ya kukutana. Mkuu wetu alitaka picha ya ramani hiyo kwa ajili ya mkutano wa kesho yake. Mimi nikaamini ni kasoro, tena yangu, kwamba mkono uliniteleza maabara, na nikaona haya. Programu ilikuwa na kichujio cha kuondoa uchafu, yaani nukta zilizotokana na makosa. Nikakikaza. Nukta ikatoweka, ramani ikapendeza. Sikumwambia Fundi.

Lakini alikuwa ameiona ramani ya kwanza, na mkutanoni akaona nukta haipo. Tuliporudi chumbani akafunga mlango.

"Nukta iko wapi?"

"Ilikuwa uchafu, Fundi."

"Nani kakwambia?"

Nikaanza kukusanya karatasi zangu mezani.

"Programu yangu ina makosa, nayajua, nimeyaandika mwenyewe," akasema polepole. "Lakini makosa yake hutapakaa kila mahali. Hayakai sehemu moja yakakutazama usoni. Dada yangu, umemziba mgonjwa mdomo."

Kwa siku nne hakunisemesha ila salamu. Heri angenifokea. Siku ya tano nikajikaza, nikamwendea mkuu na kumweleza nilichofanya. Alinisema, na nilistahili. Kisha nikarudi wodini kuomba damu nyingine, nikaanza upya hatua kwa hatua. Fundi alikuja kusimama mlangoni mwa maabara, mikono nyuma. Mashine ikasoma, programu ikahesabu siku tisa nzima.

Nukta ikarudi pale pale, nyekundu vilevile. Kromosomu mbili zilikuwa zimekatika na kubadilishana vipande, ndiyo maana zilionekana majirani. Daktari wa mshonaji alithibitisha kwa vipimo vya hospitali, akambadilishia dawa.

Fundi alinimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa yake. Tukapatana.

Mshonaji alipopata nafuu alituletea mapazia ya bluu, maana alisikia jua la dirishani lilikuwa likipiga kwenye skrini zetu. Siku hiyo nilimweleza kwamba nukta yake niliifuta mara ya kwanza. "Na mimi hukosea mshono," akasema. "Nikiona, nafumua." Aliishi miaka sita zaidi. Mazishini Fundi alilia waziwazi, mimi nikamshikia miwani.

Sasa Fundi amestaafu, yuko mbali, kwa binti yake. Mimi ndiye mkuu wa kitengo. Tuna programu mpya inayomaliza kwa saa moja, na mwezi uliopita tuliizima ya zamani. Nilimpigia simu kumpa taarifa.

"Ilikuwa bado inafanya kazi?" akashangaa. "Masikini!"

"Watu walikuwa bado wanaitumia, Fundi."

"Na mko wangapi siku hizi?"

"Kumi na mmoja."

"Kumi na mmoja!" Akacheka mpaka akakohoa. "Sisi tulikuwa wawili na panya."

Nilisikia watoto wakicheza upande wake, na mtu akimwita aje kula. Hakwenda. Akaniuliza kama chumba chetu bado kipo, nikamwambia wamekifanya sehemu ya stoo. Akataka nimweleze kilivyo sasa, kuanzia mlangoni. Nikachukua funguo, nikashuka ngazi na simu sikioni.