Mlango Usiopitisha Maneno

Usiku wa jana niliota majirani zangu, Bi Zamda wa kulia na Mwanakombo wa kushoto, wanagombana kibarazani kwangu. Kila mmoja anadai kilio changu kinapitia ukuta wake.

"Kinapita kwangu. Juzi kimelowesha godoro," anasema Bi Zamda.

"Kwako kinapita, shoga. Kwangu kimehamia. Kimeshanunua mswaki."

Mimi nimesimama katikati yao. Nyumba yangu ilikuwa haikauki watu, lakini tangu mume wangu Shamte afariki nikamaliza eda, tumebaki mimi na saa ya ukutani. Usingizi sina. Chakula nikikitazama, kinageukia upande wa pili.

"Nakwenda kliniki, kwa mshauri," nawaambia.

Ugomvi ukaisha hapo hapo, maana wamepata kitu kitamu zaidi.

"Kwa wale wa mambo ya akili?" anauliza Mwanakombo. "Dada, watu watasema."

"Watasema nini ambacho mimi sijawahi kuwasemea wenzangu?"

Nikapiga hatua moja, kibaraza kikawa korido ya kliniki. Mbele yangu mlango wa bluu, rangi bado mbichi, umeandikwa: LINALOSEMWA HUMU HALITOKI.

Mshauri ameketi nyuma ya meza. Ni chupa ya chai, ile kubwa ya shughulini, yenye maua. Imevaa kitambulisho shingoni.

"Karibu, mama. Kaa."

"Mambo yangu utayaweza wewe?"

"Nimewahi kukaa na uji wa moto kutwa nzima, na aliyenishika kwa nje hakujua."

Nikakaa, nikasema. Nikasema nimechoka kuambiwa nijikaze. Nikasema bado nampakulia Shamte, halafu nafunika sahani yake kwa kawa, nasubiri. Kila neno likitoka linaanguka sakafuni kama nazi, puu, na linabaki pale pale. Mshauri hakunipa pole wala mawaidha. Alisogeza kiti chake tu, maneno yapate nafasi.

"Wiki ijayo uje tena," akasema. "Hayajaisha."

Wakati wa kutoka, mlango unanipekua. Mikono, pindo za khanga, chini ya ulimi.

"Hujabeba neno?"

"Sina hata moja. Mwenyewe naona nimekuwa mwepesi."

Unafunguka kwa shida, kuna kitu kimenata kwa nje. Ni sikio la Bi Zamda. Mwenyewe yuko nyuma yake.

"Nilikuwa napita," anasema.

"Umesikia nini?"

"Hakuna. Nimejaribu hata na sikio la pili."

"Basi sikia kwangu. Nimekuja kwa mshauri, na nitarudi. Kautangazie mtaa mzima, wala usipunguze."

Nikaamka, kumekucha. Nikaoga, nikabandika mihogo ya nazi, nikavaa baibui la kutokea. Safari ya kliniki nilikuwa nimeipanga kimya kimya, kiumbe hajui.

Hodi mlangoni. Bi Zamda, kajitanda khanga mpaka mashavuni na joto lote hili.

"Eti leo una safari, shoga?"

"Nakwenda kliniki, kwa mshauri. Na wewe mbona umejifunika hivyo, jua lote hili?"

Akacheka, khanga ikateleza. Masikio yote mawili yana rangi ya bluu, mbichi.

Sikumuuliza. Nikampisha mlangoni.

"Ingia, mihogo imeiva. Tule kwanza, halafu unisindikize."