Shampeni ya Sendofu ya Tumpe

Hebu niambie, ukishazoea miaka ishirini na sita kuitwa kwa jina la mtoto wako wa kwanza, siku akitangulia mbele ya haki utaitikia jina gani?

Veneranda wa Kilolo wenzake walimwamulia. Binti yake Tumpe alikufa kwa ajali ya gari pale Nyololo, zikiwa zimebaki siku tisa tu afanyiwe sendofu, sherehe ya kuagwa kwao kabla ya harusi. Tangu matanga yaishe, hakuna aliyemwita tena Mama Tumpe. Wote wakageukia jina la mdogo wake Tumpe: Mama Edmund. Walidhani wanamwepusha na kidonda. Naye mwaka mzima akaitika, na kila akiitika alijiona anamzika binti yake upya.

Jumapili moja ya Juni, baada ya ibada, akawaita shoga zake wawili wa tangu usichana, Evarista na Anyitike. Akaishusha juu ya kabati ile chupa kubwa ya shampeni, ya lita tatu, iliyonunuliwa kwa ajili ya sendofu. Ilikuwa bado imevaa kitambaa cheupe alichokifuma Tumpe mwenyewe, chenye maua ya njano pembeni. Baridi ya Kilolo ilikuwa imeipoza kuliko friji.

"Mama Edmund, hii ungeiacha tu," Anyitike akasema taratibu.

"Nitaiacha mpaka lini? Itachacha."

"Hiyo siyo ulanzi wa mianzi, dada," Evarista akadakia. "Ulanzi ndio ukilala siku mbili unakulaza na wewe."

Wakacheka kidogo. Kizibo kikaruka kwa kishindo, kuku wa uani wakatawanyika, povu likamwagikia mkeka. Glasi hazikuwepo, wakamimina kwenye vikombe vya chai. Veneranda akaonja kwanza, kama impasavyo mwenye kinywaji, ili wageni wanywe bila wasiwasi. Ikamwasha puani. Machozi yakamtoka.

"Gesi hiyo," Evarista akawahi kusema. "Hata bia hufanya hivyo."

Veneranda akajifuta kwa ncha ya kitenge. Wakaendelea kunywa, chupa ikiwa haijafika hata nusu. Anyitike, kwa kutaka kuchangamsha baraza, akainua kikombe chake.

"Haya, na tumwombee kijana wetu naye apate mchumba mwema, tuje tufungue nyingine. Au siyo, Mama Edmund?"

Veneranda alikiweka kikombe chini polepole, akikishika kishikio kwa vidole viwili asije akakipindua.

"Edmund nampenda," akasema. "Lakini siye aliyenifanya mama."

Anyitike akashusha mkono. Evarista akainamia mkeka.

"Najua mnanionea huruma, ndugu zangu. Ila mkiniita hivyo, ni kama yule sikumzaa. Mimi niiteni Mama Tumpe."