Mashati Ishirini ya Kaka

Kosa la Kitinda lilikuwa moja tu: shati lake la kwanza lilitoka zuri. Anayejifunza husamehewa akiharibu, na angeliharibu, pengine leo angekuwa anafunga begi.

Nyumbani walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye mtoto wa mwisho, na tangu miguu ya mama ilipogoma miaka minne iliyopita, ndiye aliyemwogesha, aliyempikia, aliyemnyanyua asubuhi na kumlaza jioni. Kaka yake alikuwa na nyumba kubwa, mke mpole na visingizio visivyokauka. Kila alipoombwa amchukue mama japo kwa mwezi, alisema tutaongea.

Kisha fundi mmoja wa kutia nguo rangi, mwanamke wa makamo wa mji wa jirani, akakubali kumfundisha Kitinda kazi hiyo kwa mwaka mzima. Alitakiwa kuripoti Jumatatu, akiwa na shati moja alilolipaka rangi mwenyewe. Kitinda akajifungia chumbani na beseni la kufulia, akafuata maelekezo ya kwenye pakiti kama anayesoma dua. Alifua shati la pamba litoke wanga, akaliloweka kwenye maji ya magadi, akalisokota kuanzia kifuani mpaka likawa donge, akamimina rangi, akalitia kwenye mfuko wa nailoni lilale humo siku nzima. Mama, fundi cherehani wa zamani, ndiye aliyelikaza donge kwa uzi, maana vifundo vya binti yake vilimchekesha.

Jumapili, siku nane kabla ya kuripoti, kaka alikuja. Kitinda alikuwa amepiga moyo konde na maneno yote ya kumwomba amchukue mama ameyapanga, lakini kaka aliliona shati kwenye kamba kabla hajafungua mdomo. Akalivaa. Likamkaa.

"Sasa mdogo wangu, huko unafuata nini?" alisema akijitazama kiooni. "Kazi imekufuata humu humu ndani."

Akaondoka nalo mwilini. Jumanne akaleta mashati meupe ishirini ya wenzake wa ofisini, akiwa na furaha ya mtu aliyetua mzigo. Kitinda akayapokea. Angekataaje, wakati amepewa sifa? Zilikuwa sifa za kumfungia mlango, na alilijua hilo.

Alhamisi aliyapaka rangi yote, mekundu, ya kijani na ya buluu. Mama alikaza vifundo vyote ishirini. Madonge yakatiwa mifukoni, yakapangwa kando ya kiti chake, dirishani, kwenye jua. Ijumaa asubuhi, kabla hayajatimiza siku, Kitinda akaweka beseni la maji ya kusuuzia miguuni pa mama, akatoka kwenda dukani kununua sabuni.

Aliporudi, mifuko ilikuwa imetapakaa sakafuni. Mama alikuwa ameshika mkasi wake wa zamani, na kwenye beseni la maji miguuni pake mashati yalielea yakiwa wazi, kila rangi imeingia kwa mwenzake, yote yamekuwa rangi ya maji ya kudekia. Kitinda akakaa chini palepale penye maji. Alimuuliza mama amefanya nini, na sauti yake ilikuwa na hasira ambayo hajawahi kumtolea.

"Ukiyaweza haya hapa, hutatoka hapa mpaka nife," mama alisema. "Na mimi sifi leo."

Kaka alipokuja jioni kuchukua mzigo wake, mama hakumwachia Kitinda nafasi ya kujitetea. Alisema ameyafungua yeye, kwa mkono wake. Kaka akacheka, akasema uzee huo, akaahidi kuleta mengine ishirini kesho.

"Leta," mama alisema. "Nitayafungua tena. Na Jumatatu uje unichukue, au uje unikute peke yangu."

Kaka aliacha kucheka. Alitazama saa, akasema itabidi kwanza aongee na mkewe, akaondoka mikono mitupu.

Mlango ulipofungwa, mama aliingiza mkono chini ya shuka aliyojifunika mapajani, akatoa mfuko mmoja. Ndani yake donge la ishirini lilikuwa bado limekazwa, halijaguswa.

"La fundi wako hilo," alisema. "Usilifungue mpaka siku yake itimie."

Kitinda alilipokea kwa mikono miwili huku machozi yakimtoka. Akashusha begi kutoka juu ya kabati, akaliweka donge humo, peke yake, akavuta zipu. Kisha akarudi kumnyanyua mama kutoka kitini, maana saa ya kuoga ilikuwa imefika, na mwingine wa kumnyanyua bado hakuwapo.