Avishwe Kwanza

Chuoni kwetu Cincinnati kuna vyama viwili vya heshima. Cha kwanza huwachukua wanafunzi wa udaktari wenye alama za juu, na waliomo hawatuachi tusahau. Cha pili tunachaguana wenyewe. Kila mwaka tunaulizwa swali moja: mama yako akilazwa, ungependa nani kati ya wenzako awe kando ya kitanda chake? Mwaka ule karibu darasa zima tulimtaja Harlan Stidham.

Harlan alitoka milimani Kentucky, kwenye machimbo ya makaa ya mawe, na lafudhi yake tuliicheka mwaka wa kwanza wote. Alama zake zilikuwa za kawaida tu. Lakini mgonjwa aliyewaambia madaktari wote kwamba hajambo, Harlan alimtazama usoni mara moja, akavuta kiti, na baada ya kitambo yule mgonjwa analia na kuonyesha panapouma. Nilimwonea wivu, sifichi. Kipaji kile hakisomewi.

Mama yake, Bi Orpha, alikuwa na ugonjwa wa moyo, na kila akipigiwa simu alikuwa "anaendelea vizuri". Mficha maradhi, kilio humfichua. Wiki ya sherehe ya kuwavisha beji waliochaguliwa, Twila, dada yake Harlan, akapiga simu kusema mama amekataa chakula. Harlan akafunga begi. Tulikuwa jikoni kwake tunakula maharage na mkate wa mahindi, mama akapiga mwenyewe.

"Wee Harlan, unakuja kufanya nini huku?"

"Kukuona, mama."

"Kwani mimi sinema? Kanisa zima nimeshalitangazia kwamba Ijumaa unavishwa beji. Jirani Verna na sifa za mwanawe wakili, leo ndiyo mara ya kwanza kanyamaza. Unataka anicheke?"

"Sauti yako siipendi, mama."

"Basi usiisikilize. Vishwa kwanza, Jumamosi uniletee niione. Nitakusubiri."

"Kweli?"

"Lini nimekudanganya?"

Akakata. Harlan alibaki ameishika simu. "Ningekuwa nauona uso wake ningejua," akaniambia. Lakini neno la mama ni neno la mama, na begi likabaki mlangoni.

Kwetu beji huvishwa na mzazi. Ijumaa aliyekuja ni Twila, amevaa gauni la kanisani, macho yamemvimba. Alisema ameendesha gari tangu asubuhi. Harlan alikuwa bado wodini, basi nikamkalisha Twila kando yangu, mstari wa mbele, nikamuuliza hali ya mama.

"Amepumzika," akasema, akaangalia kwingine. Nikashukuru, mjinga mimi.

Harlan aliingia mbiombio wakati mkuu wa chuo analisoma lile swali kwa sauti. Akaitwa moja kwa moja jukwaani, hata kusalimiana na dada yake hakuwahi. Twila akapanda, akaishika kola ya koti jeupe la Harlan. Harlan alikuwa anacheka. Kisha akamtazama dada yake usoni, na kicheko kikaisha.

"Lini?" akauliza.

"Alfajiri." Twila alikuwa ananong'ona, lakini pale nilipokaa nilisikia. "Alisema usiambiwe mpaka uvishwe. Aliniapisha, Harlan."

"Nani alikuwa naye?"

"Mimi."

"Aliniita?"

Twila akainamia pini ya beji. Harlan hakuuliza tena. Alikuwa anamtazama tu, vile anavyowatazama wagonjwa, na niliona ameshajibiwa.

Aliketi palepale jukwaani, mtu mzima na koti lake, akalia kwa sauti. Na ukumbi mzima, wazazi, walimu, wanafunzi, wakadhani ni furaha. Wakasimama wakampigia makofi. Niligeuka nikawapungia mikono wanyamaze, wakadhani nawachochea, wakazidisha. Nilitamani ardhi ipasuke.

Twila alikuwa amepiga magoti mbele yake, anahangaika na pini, mara imchome yeye, mara imchome Harlan.

"Tulia," alikuwa anamwambia huku analia. "Tulia, mdogo wangu, nifunge. Nilimwahidi."